Risiti ya 142,500: kisa cha mfuko mmoja wa sukari Moshi

Februari 2024 mama mmoja mwenye duka la rejareja Pasua, Moshi, alinunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa shilingi 195,000. Risiti aliyokabidhiwa, ya EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, ilisoma 142,500. Akaenda kuuza robo kwa 1,100, yaani kilo kwa 4,400. Siku chache baadaye wakaguzi wakaingia dukani, wakaona bei, wakaomba risiti, wakapiga hesabu mbele ya wateja na kumwambia anawanyonya wananchi. Kwa karatasi waliyoishika mkononi, hesabu yao ilikuwa sahihi.

Nimekiandika kisa hiki kirefu kwa sababu kila bei ya chakula inaporuka, hasira yetu hutua kwenye kaunta ya mangi wa mtaani, na huko juu ya mnyororo watu huendelea kulala usingizi. Jina la mama huyu nimeliacha, na la aliyemuuzia nimeliacha pia. Hesabu ninazozitumia zimetoka kwenye daftari lake la manunuzi na mauzo, ambalo aliniruhusu kulipitia.

Kwanza hali ilivyokuwa. Mvua za El Niño zilianza vuli ya 2023 na hazikukatika kama kawaida. Ndizo mvua zilizoshusha tope juu ya watu wa Katesh, Hanang, tarehe 3 Desemba. Kwenye mashamba ya miwa zilifanya jambo lingine: miwa haivuniki shambani kukiwa na maji, trekta hazipiti, na hata ile inayovunwa inakuwa na sukari kidogo. Viwanda kadhaa vikasimama au vikapunguza uzalishaji. Kwa hiyo upungufu ulikuwepo kweli, na anayesema kila kitu kilikuwa njama anapotosha. Januari 2024 Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, rejareja ikiwa kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea kanda. Mitaani bei ilikuwa imeshavuka 4,000, na sehemu nyingine za nchi 5,000.

Sisi wa Moshi jambo hilo lilituuma kwa namna yake. Kiwanda cha TPC kiko hapo Arusha Chini, kusini mwa mji. Miwa imelimwa pale tangu miaka ya 1930, enzi za kampuni ya Wadenmaki. Baadaye kikawa cha serikali, na tangu 2000 kina wawekezaji wenye hisa nyingi huku serikali ikibaki na asilimia 25. Watu wengi wa mji huu wana ndugu au jirani aliyewahi kufanya kazi kule. Kwa hiyo swali lililozunguka kwenye vijiwe vya kahawa na saluni lilikuwa moja: inakuwaje sukari ipikwe hapa tunapouona moshi wake, halafu Pasua na Njoro inunuliwe kama imetoka ng'ambo? Jibu ni kwamba umbali wa kiwanda haupangi bei. Sukari huingia sokoni kupitia wasambazaji wakubwa wachache, inagawanywa nchi nzima, na inamrudia mtu wa Moshi kwa bei ambayo soko zima limeikubali. Kuwa jirani wa shamba la miwa hakumpi mtu chochote kama hana mahali pa kununulia nje ya mnyororo huo.

Sasa tufungue daftari.

Novemba 2023 mama alinunua mfuko kwa 132,000, sawa na 2,640 kwa kilo. Aliuza kilo 2,800, robo 700. Mfuko wa kilo 50 ukipimwa robo robo hautoi kilo 50 kamili, maana kuna kumwagika na kuna mkono wa mizani; yeye hupata kama 49. Mauzo yakawa 137,200. Ukitoa ununuzi inabaki 5,200, ukitoa bajaji 1,500 na vifuko 1,200, mkononi inabaki 2,500. Kwa mfuko mzima! Kwa kilo ni kama shilingi 50. Wenye maduka wanajua jambo hili, ila wateja wengi hawalijui: sukari haimtajirishi mwenye duka. Anaiweka kwa sababu anayekuja kununua sukari huchukua na majani ya chai, mkate na kiberiti. Duka lisilo na sukari wateja hulihama.

Februari 2024 mfuko umefika 195,000, sawa na 3,900 kwa kilo. Anauza 4,400. Mauzo ya kilo 49 ni 215,600. Akitoa ununuzi, bajaji iliyopanda hadi 2,000 na vifuko 1,300, anabaki na 17,300. Ni mara saba ya ile ya Novemba.

Hapa sitaki kumsafisha. Mama alipandisha zaidi ya alivyopandishiwa. Nilimuuliza kwa nini, akajibu bila kuzunguka: "Mfuko nikiumaliza leo, kesho sijui nitaukuta kwa ngapi. Nikiuza kwa faida ya mia mbili tatu, nitarudi jumla hela haitoshi." Ni hofu ya kweli, kila mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo anaijua. Lakini ni faida pia, na aliyeilipa ni jirani yake anayewakorogea watoto uji. Tena aliuza kwa robo tu wakati ule, alikataa kupima kilo. Robo ya 1,100 haimshtui mtu kama kilo ya 4,400, hata kama ni kitu kilekile.

Ila angalia uzito wa kila upande. Kati ya Novemba na Februari bei ya kilo kwa mlaji ilipanda kwa shilingi 1,600. Katika hizo, 1,260 zilikuwa zimeshaongezwa kabla mfuko haujapakiwa kwenye bajaji. Hizo ni karibu 79 katika kila 100. Za mama, pamoja na bajaji na vifuko vyake, ni 340. Na kama utasema 340 bado ni nyingi, ongeza jambo hili: mwezi ule muuzaji wa jumla hakutoa sukari peke yake. Kila mfuko ulifungamanishwa na katoni ya sabuni ya unga isiyotoka, ya 12,000. Mama aliomba aachiwe sabuni achukue sukari tu, akajibiwa, "Mae, ukitaka beba vyote, hutaki mpishe mwenzako, foleni ni ndefu." Katoni zile nilizikuta bado zimepangwa juu ya rafu.

Tuje kwenye risiti, maana uchungu wa kisa hiki uko hapo.

Malipo ya mwezi ule yalikuwa taslimu tupu. Namba ya kulipia kwa simu iliyokuwa imebandikwa ukutani kwa muuzaji wa jumla ilitolewa. Mama alihesabu 195,000, akapewa risiti ya 142,500. Ukigawa kwa 50 unapata 2,850 kwa kilo, bei inayokaa vizuri kabisa ndani ya mipaka ya bei elekezi ya rejareja. Shilingi 52,500 hazipo kwenye karatasi yoyote. Alipouliza, aliambiwa mashine imewekwa hivyo, na kama hataki risiti hiyo basi asichukue risiti kabisa.

Fikiria sasa risiti hiyo inafanya nini. Kwa upande wa muuzaji wa jumla inamwonyesha kuwa mtii: ameuza kwa bei halali, mapato yake yameandikwa, mkaguzi akifungua vitabu vyake hakuti kosa. Fedha iliyozidi imekwenda nje ya hesabu, na kodi yake imekwenda nayo. Kwa upande wa mama, karatasi ileile inamgeuza mnyonyaji. Kanunua 2,850, kauza 4,400, kwa hiyo anakula 1,550 kwa kila kilo. Katika karatasi, faida yake kwa mfuko ni zaidi ya 73,000, wakati faida yake ya kweli ni 17,300, na 12,000 kati ya hizo zimelala kwenye katoni ya sabuni. Atatozwa faini kwa faida hiyo, na mwisho wa mwaka anaweza kukadiriwa kodi kwa faida hiyohiyo. Yaani mwenye sukari nyingi amepata fedha, na mwenye sukari kidogo amepata hatia, na kilichohamisha hatia kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ni chombo cha serikali cha kuhakikisha ukweli wa mauzo.

Wakaguzi walifanya kazi waliyotumwa. Walitumwa kutafuta duka linalouza juu ya bei elekezi, wakalipata. Walimwandikia faini, mama akalipa, na jioni ile akaondoa sukari rafuni. Kwa wiki kadhaa aliiweka chini ya kaunta na kuwauzia anaowafahamu tu. Majirani zake wa biashara wakafanya vilevile. Kwa mteja wa kawaida wa Pasua msako ule haukushusha bei hata shilingi kumi, ulimpunguzia tu mahali pa kununua, na Ramadhani ilikuwa inabisha hodi mwezi Machi. Wapika maandazi na vitumbua, ambao faida yao ya siku ni elfu mbili tatu, walipunguza ukubwa wa andazi au waliacha kupika.

Swali la kisheria lililo chini ya kisa hiki ni gumu kuliko linavyoonekana. Sheria yetu ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), haisemi kuuza ghali ni kosa. Inakataza washindani kukubaliana bei, inakataza mwenye nguvu kubwa sokoni kuitumia vibaya nguvu hiyo, na ilipotungwa iliweka mstari wa nguvu hiyo kwenye zaidi ya asilimia 35 ya soko. Adhabu yake si ndogo, ni asilimia 5 hadi 10 ya mauzo ya mwaka ya kampuni. Lakini ili ikamate, lazima kuwe na makubaliano ya kuthibitisha au mkubwa mmoja wa kumnyooshea kidole.

Kwenye uhaba, makubaliano hayahitajiki. Wachumi Isabella Weber na Evan Wasner wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst waliliandika jambo hili mwaka 2023 walipochunguza mfumuko wa bei wa baada ya korona: likitokea tatizo ambalo kila mtu amelisikia, kila muuzaji mwenye nguvu anajua wenzake nao watapandisha, kwa hiyo anapandisha bila kuogopa kupoteza wateja. Hakuna kikao wala simu. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikisema sukari imepungua, wenye maghala wote wameshajulishwa kwa pamoja kwamba kesho wanaweza kuongeza. Ndiyo maana bei ya jumla Moshi ilipanda kwa sukari iliyokuwa imeshakaa ghalani tangu kabla ya mwaka mpya, iliyonunuliwa kwa bei ya zamani. Mama anakumbuka mifuko ile ilikuwa na vumbi.

Na si ugonjwa wa kwetu peke yetu. Machi 2024, wakati Pasua sukari iko chini ya kaunta, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani (FTC) ilitoa ripoti kuhusu bidhaa za vyakula. Ilionyesha kwamba mapato ya wauzaji wa vyakula na vinywaji wa rejareja yalizidi gharama zao kwa zaidi ya asilimia 6 mwaka 2021, na asilimia 7 katika miezi tisa ya kwanza ya 2023, wakati kilele cha miaka ya nyuma kilikuwa 5.6 mwaka 2015. Gharama zilizosababishwa na korona zilikuwa zimeanza kupoa, faida ikaendelea kupanda. Kinachonivutia zaidi ni njia waliyopita: mwishoni mwa 2021 tume ile iliziamuru kampuni 9 kubwa, Walmart, Amazon na Kroger zikiwemo, pamoja na wauzaji wa jumla na watengenezaji, zilete nyaraka zao za ndani. Walianzia kwa wakubwa. Duka la pembeni ya mtaa halikuguswa.

Sisi mara nyingi tumeanzia chini. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtoto wa Monduli hapo jirani, aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Namheshimu mno mzee yule, na sina shaka alichukia ulanguzi kwa moyo wake wote. Lakini wazee waliokuwa na akili timamu mwaka ule wanakumbuka pia watu wakitupa sabuni na vitenge mitoni na vichakani usiku ili wasikutwe navyo, na maduka yakibaki matupu kuliko awali. Sheria maalumu ya wakati ule ilibadilishwa mwaka uliofuata. Mwaka 2016, Rais Magufuli alipozuia sukari ya nje kuingia bila kibali, bei ilipanda, ikatangazwa bei ya 1,800 kwa kilo, na safari ile angalau vyombo vya dola vilikwenda kukagua maghala makubwa. Hilo lilikuwa sahihi kwa mwelekeo wake, ingawa lilifanywa kama operesheni, likapita na likasahaulika. Utaratibu wa kudumu wa kujua nani ana sukari kiasi gani haukubaki nyuma yake.

Juu zaidi ya muuzaji wa jumla wa Moshi daftari la mama haliwezi kutufikisha. Muuzaji yule, nilipozungumza naye, alisema na yeye alinunua ghali kwa msambazaji, na kwamba risiti anazopewa nazo zina hadithi yake. Inawezekana ni kweli. Kama ni kweli, basi fedha ile ya nje ya karatasi ilipanda ngazi baada ya ngazi, na kila ngazi ilimpa aliye chini yake karatasi ya kumbebesha kosa. Ninachokijua ni kilichosemwa hadharani. Kwa miaka kadhaa vibali vya kuingiza sukari ya kuziba pengo vilitolewa kwa wenye viwanda wenyewe. Hoja ilikuwa kuwalinda ili wapanue mashamba, na ina mantiki yake. Lakini maana yake ya pili ni kwamba anayefaidika na bei kuwa juu ndiye aliyepewa ufunguo wa kuishusha. Serikali, kupitia Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, ilisema baadhi ya waliopewa vibali walichelewa kuleta sukari, ikaruhusu kampuni nyingine ziingize. Wazalishaji walilalamika kwamba sukari ya nje inaua soko lao. Mbunge wa Kisesa wa wakati huo, Luhaga Mpina, alimtuhumu waziri kuwa amelidanganya Bunge kuhusu vibali hivyo, na Juni 2024 Bunge likamsimamisha Mpina vikao 15. Mwezi huohuo sheria ikarekebishwa ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) nao waweze kununua na kuhifadhi sukari kwa ajili ya nyakati za pengo.

Katika mvutano wote ule, wa waziri, mbunge na viwanda, sikusikia mtu akimtaja anayenunua robo.

Marekebisho ya NFRA nayaunga mkono. Akiba inayoshikwa na chombo kisichopata faida kwa uhaba inamwondolea mwenye ghala uhakika kwamba kesho bei itakuwa juu. Hata hivyo akiba hiyo itapita mikononi mwa wasambazaji walewale ikitoka ghalani, na isipofuatiliwa kwa karatasi za kweli itafika Pasua ikiwa na risiti ya 142,500 na bei ya 195,000. Kwa hiyo mkaguzi anapaswa kushuka kwenye mnyororo akitokea juu: kiwanda au mwingizaji ametoa tani ngapi, tarehe gani, kwa nani, kwa bei gani, msambazaji amepokea ngapi na ametoa ngapi, muuzaji wa jumla vivyo hivyo. Hizi ni hesabu za jioni moja kwa mtu mwenye mamlaka ya kudai nyaraka, na FCC inayo. Orodha ya vibali na kiasi kilichoingia ibandikwe wazi, kama EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inavyotangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi hadi mwendesha bodaboda wa Himo anazijua. Na wakati wa uhaba, malipo ya jumla ya bidhaa zenye bei elekezi yapite benki au kwenye simu, taslimu ikataliwe. Fedha iliyopita kwenye simu huacha alama, na mashine ya EFD haiwezi kusema 142,500 wakati simu inasema 195,000.

Kuuza kwa masharti, sukari kwa sabuni, nako kukomeshwe kwa kauli ya wazi, maana wenye maduka wengi wanadhani ni haki ya mwenye mali kufanya hivyo. Mama mwenyewe alishangaa nilipomwambia ni jambo la kulipeleka mbele. "Nimshitaki nani, halafu kesho nikanunue wapi?" aliniuliza. Hofu yake ina msingi, na ndiyo sababu malalamiko ya aina hii yapokelewe kwa kundi, kupitia umoja wa wafanyabiashara wa soko au Baraza la Taifa la Utetezi wa Mlaji, bila kumtaja mtu mmoja mmoja.

Bei ilishuka katikati ya 2024, viwanda vilipowaka tena na sukari ya nje ilipofika. Mama anauza tena kilo nzima na amerudisha mizani juu ya kaunta. Faini hakurudishiwa. Tangu wakati ule, kila anaponunua jumla huandika kwenye daftari safu mbili, ya fedha aliyotoa na ya risiti aliyopewa, pamoja na tarehe na namba ya mashine, na amewashawishi wenzake wawili wa mtaa wake waandike hivyohivyo. Ni mafuta ya kula anayoyatazama sasa. Tofauti kati ya safu zile mbili imeanza kuonekana tena.